Shajara ya programu ya duka: kuhama kutoka GTK 3 kwenda GTK 4

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo nimeanza rasmi. Kwa ambaye hajui habari ya huu mradi, ni programu ya mauzo na stoo niliyoiandika mwaka 2016 kwa duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro. Ni Python na GTK 3, tulukiti, yaani mkusanyiko wa vipande vya kujengea madirisha, vitufe na orodha, madirisha yote nilichora kwa Glade, programu ya kuchorea madirisha ya GTK, data zinakaa kwenye SQLite, hifadhidata ya faili moja. Wakati ule bidhaa zilikuwa mia saba na kitu, leo zimefika elfu nne na mia tatu, nondo, mabati, saruji, bomba, koki, misumari kwa kilo, rangi kwa kopo, kila kitu kina kifupi chake na bei yake. Miaka yote hiyo imekaa kaunta kwenye kompyuta moja ya mezani, kioo cha 1366 kwa 768, inawashwa saa mbili asubuhi inazimwa saa kumi na mbili jioni.

Sasa mzee mwenye duka kanunua tableti kwa ajili ya stoo, akaniita, "Fundi, nataka programu yetu nayo iwe ya kisasa, mtu anagusa tu mambo yanaenda." Nikamwambia sawa mzee. Na mimi mwenyewe nilikuwa na hamu, manake GTK 4 ilitoka tangu Desemba 2020 na kila nikifungua nyaraka zake nakuta vitu nilivyojengea vimeondoka kimoja kimoja. GtkMenuBar, ule mstari wa menyu juu ya dirisha, haipo. GtkToolbar, mstari wa vitufe, haipo. GtkStatusIcon, ile ikoni ndogo inayokaa karibu na saa, ilishaambiwa ipumzike tangu 3.14 na kwenye 4 haipo kabisa. Na GtkTreeView, jedwali la kuonyesha orodha, ambalo ndo moyo wa programu yangu yote, imewekewa alama ya kuachwa tangu toleo la 4.10, Machi 2023. Ipo bado, inafanya kazi, ila unajua siku moja itaondoka.

Mpango: naandika upya kila kitu kwa GTK 4 na libadwaita, maktaba inayokaa juu ya GTK 4 na kuleta sura ya kisasa, muonekano mmoja unaojikunja na kujikunjua wenyewe, kwenye kioo kikubwa ukae hivi, kwenye tableti ukae vile. Nimejipa miezi miwili.

Jumanne, 11 Februari

Skrini ya kwanza imesimama, na ni nzuri jamani. Orodha ya bidhaa imetulia, kila bidhaa kwenye mstari wake mpana, jina juu, bei na idadi chini kwa maandishi madogo, juu kichwa cha dirisha kimoja kinene cha kama pikseli 47 chenye kitufe cha mistari mitatu badala ya menyu nzima ya Faili, Mauzo, Stoo, Ripoti. Nikapiga picha nikamtumia mzee WhatsApp, akajibu safi sana.

Jioni nikaipeleka kaunta nimwonyeshe dada keshia. Hakusema ni mbaya. Akaangalia kidogo, akaskroli kidogo, akaniuliza, "Kaka, zingine ziko wapi?"

Zingine zipi?

"Bidhaa zingine."

Nikarudi nyumbani nikahesabu. Programu ya zamani kwenye kioo hicho hicho inaonyesha mistari 25 kwa mpigo. Yangu mpya inaonyesha 11.

Jumatano, 12 Februari

Sijaandika hata herufi moja leo. Nimekaa nyuma ya kaunta kutwa nzima kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa, natazama tu, na nadhani ndo siku ya maana kuliko zote nilizotumia kwenye huu mradi.

Fundi ujenzi anaingia, hata salamu haijaisha vizuri anataja, nondo kumi na mbili pisi ishirini, waya wa kufungia kilo tano, misumari ya inchi nne kilo mbili. Dada haangalii kibodi hata mara moja. Kidole cha kushoto F2, anaandika n12, Enter, mkono wa kulia uko tayari kwenye namba za pembeni, 20, Enter, wf, Enter, 5, Enter, m4, Enter, 2, Enter, F9, printa inaanza kulia. Macho yake muda wote yako kwa mteja. Kwenye kile kibodi maandishi ya F2 yameshafutika, limebaki doa linalong'aa, na kipanya kimelaliwa na kitabu cha risiti, asubuhi nzima kakigusa mara nne.

Alafu nikaona kitu ambacho kwa miaka tisa sikukijua kwenye programu niliyoiandika mwenyewe. Mteja mmoja katafuta bomba la inchi moja na nusu, limeisha. Dada hakutafuta tena, kwasababu akiwa amesimama kwenye mstari wa inchi moja na nusu, mstari wa juu yake ni inchi moja na robo, wa chini ni inchi mbili, na idadi na bei zote anaziona pale pale, kwahiyo jibu likatoka kabla mteja hajageuka, "Hiyo imeisha kaka, ila ya inchi mbili ipo, ongeza elfu mbili tu." Ile mistari 25 anaisoma kama mtu anavyosoma shelfu, anaona jirani wa kila kitu. Mimi na mistari yangu 11 mipana nimemkata macho.

Jumatatu, 24 Februari

Kaunta nimetoa libadwaita, nimebaki na GTK 4 tupu. Naandika hatua maana kuna mtu atapita njia hii hii.

TreeView nimeibadilisha na GtkColumnView, jedwali jipya la GTK 4. Sio kubadilisha jina tu, ni namna nyingine kabisa ya kufikiri. Zamani ulikuwa na jedwali moja la ListStore lenye safu zake unaliweka ndani basi. Sasa kila bidhaa inakuwa kitu chake kamili kinachokaa kwenye orodha inayoitwa Gio.ListStore, alafu unaivisha tabaka, la kupanga, la kuchuja, la kuchagua, alafu kila safu ina kiwanda chake kinachotengeneza lebo na kuijaza. Mwanzoni nilichukia. Siku ya tatu nikaanza kuelewa faida yake, bidhaa ni bidhaa, haijui kabisa inaonyeshwa wapi. Hili jambo litakuja kuniokoa mbele.

Kwa upana wa mistari, kuna darasa la muonekano linaitwa data-table, ukiliweka kwenye ColumnView mistari inabanwa. Nikaongeza CSS yangu kidogo ya kupunguza nafasi ndani ya kila seli, na kwa kuwa sijaweka kichwa cha dirisha changu mwenyewe, dirisha linapata kile cha kawaida chembamba cha mfumo. Menyu nimerudisha kwa GtkPopoverMenuBar, Alt na herufi inafungua kama zamani. Mistari sasa 23. Dada kahesabu mwenyewe kwa kidole kwenye kioo, akasema sawa.

Kilichonila muda ni kitu ambacho TreeView ilikuwa inakupa bure, ukiwa kwenye orodha ukaanza tu kuandika inaruka yenyewe mpaka kwenye mstari unaoanza na hizo herufi. ColumnView haina. Mifano mingi utakayokuta inakwambia weka SearchEntry, kisanduku cha kutafutia, ishike herufi za dirisha zima, chuja orodha. Nikafanya hivyo, inafanya kazi vizuri sana, na haifai kabisa kwa kaunta, kwasababu kuchuja kunawafuta majirani, ukiandika n12 inabaki nondo 12 peke yake kwenye kioo cheupe kitupu. Dada anataka kurukia, hataki kuchujiwa. Mwishoni nimeandika mwenyewe, naweka vifupi vyote kwenye orodha iliyopangwa, natafuta kwa kukata nusu nusu, alafu naita scroll_to ambayo imekuja na toleo la 4.12 naiambia ichague mstari na kuupa fokasi, yaani kibodi ifanye kazi hapo. Msimbo wenyewe hauzidi mistari thelathini, ila kufika hapo siku nne.

Jumatano, 5 Machi

Skana. Kwa asiyejua, skana ya bakodi ya USB kwa kompyuta ni kibodi tu, inaandika tarakimu haraka haraka alafu inamalizia na Enter yenyewe.

Kwenye GTK 3 nilikuwa na dayalogi ya kuonya, stoo imebaki chini ya kumi, unaiita kwa run() programu inasimama mpaka mtu ajibu. GTK 4 hamna run(), kila dayalogi inafunguka na programu inaendelea, jibu litakuja baadaye. Sawa, nikatumia GtkAlertDialog, nikaweka Sawa iwe kitufe cha kupokea Enter. Kwenye majaribio nikapitisha makopo 30 ya rangi na makopo 3 yakapotea kwenye mauzo. Nikadhani skana mbovu. Kumbe onyo linafunguka, mkono ushapitisha kopo lingine, tarakimu zake zinaenda kwenye dayalogi ambayo haina kazi nazo, na ile Enter ya mwisho inabonyeza Sawa. Onyo limejifunga lenyewe na kopo halijahesabiwa, na kwenye kioo hakuna dalili yoyote kwamba kuna kitu kimetokea.

Huo ni uzembe wangu, nilihamisha dayalogi bila kujiuliza inamsaidia nani. Nimezitoa zote kwenye dirisha la mauzo. Onyo sasa ni mstari mwekundu chini ya orodha pamoja na mlio mfupi, fokasi haihami, skana inaendelea. Nimerudia yale makopo 30 mara tano, yote yapo.

Jumatatu, 17 Machi

Jana GIMP 3.0, programu ya kuhariri picha, imetoka. Nimeifungua asubuhi hii nikiwa na chai na kwa kweli imenigusa, kwasababu GTK yenyewe ilizaliwa humo. Spencer Kimball na Peter Mattis walikuwa wanafunzi wa Berkeley, GIMP yao ya mwanzo walijengea Motif, tulukiti ya zamani, hawakuridhika nayo wakaandika tulukiti yao wenyewe, ndo maana herufi G ya mwanzo ni ya GIMP. Na hii GIMP 3.0 ya jana imefika GTK 3. GTK 3 ilitoka Februari 2011. Miaka 14! Programu mama imechukua miaka 14 kuvuka hatua moja ya tulukiti iliyozaliwa tumboni mwake, na GTK 4 tayari iko sokoni mwaka wa tano. Kwahiyo nikijiona nachelewa kwa wiki tatu natulia.

Nimekuwa najiuliza kwanini mambo yalielekea kwenye kugusa kwa nguvu vile, na ukirudi kwenye ile miaka unaelewa. iPhone ilikuja 2007, na ndani ya miaka michache kila mtu mwenye mfumo wa kompyuta alikuwa anaamini kioo cha mezani kitakufa au kitageuka tableti. GNOME 3, mazingira ya mezani ya Linux yanayojengwa kwa GTK, ilitoka Aprili 2011. Microsoft walitoa Windows 8 Oktoba 2012 bila kile kitufe cha Start, mwaka uliofuata kwenye 8.1 wakakirudisha. Ubuntu, aina ya Linux, walijenga mazingira yao ya mezani yanayoitwa Unity wakitaka sura moja kuanzia simu mpaka mezani, Aprili 2017 wakatangaza wanaacha. Walikuwa watu wenye akili sana, na hofu yao ilikuwa na msingi. Ila kompyuta ya kaunta haikufa. Iko pale pale, na mtu anaitumia saa kumi kwa siku.

Upande wa Qt, tulukiti nyingine inayoshindana na GTK, wamepita njia nyingine. Mwaka 2010 na toleo la 4.7 walileta Qt Quick kwa ajili ya skrini za kugusa na michoro inayotembea, ila Qt Widgets za zamani hawakuziua, kwenye Qt 5 mwaka 2012 walizitenga ziwe moduli yake, na mpaka Qt 6 bado zipo, menyu, tulubaa, jedwali, kila kitu. Yaani unachagua kulingana na nani atakaa mbele ya kioo. Nilifikiria kuhamia huko kwa uzito kabisa, usiku mmoja nikaandika hata dirisha la majaribio, ila msimbo wangu wote ni GTK na ColumnView ilishaanza kunikubali, nikabaki. Angekuwa mtu anaanza leo programu ya kaunta kutoka sifuri ningemwambia aiangalie Qt Widgets kwanza.

Na Linux Mint, aina nyingine ya Linux ambayo ndo iko kwenye kompyuta ya duka, kwenye toleo la 22 walirudisha programu kadhaa kwenye matoleo yake ya GTK 3 kwasababu zile za libadwaita hazifuati sura ya mfumo wao. Sio mimi peke yangu.

Jumamosi, 29 Machi

Sasa tableti, maana isije ikaonekana mimi ni mpinzani wa kugusa.

Nimeshinda stoo na kijana anayehesabu mali. Tableti ni ya inchi 10, ya prosesa ya Intel kwahiyo Linux imekubali, nimeiwekea GNOME. Kwanza nikamfungulia ile programu ya kaunta kama ilivyo nione. Mistari 23 iliyobanwa, kidole chake kinafunika mistari mitatu kwa pamoja, anataka saruji anapata saruji nyeupe. Google kwenye mwongozo wao wanasema kitu cha kugusa kiwe angalau vizio 48, kama milimita 9 hivi, Apple wanasema pointi 44, na ukimwangalia mtu wa stoo unaona hizo namba hazikutoka hewani. Ncha ya mshale wa kipanya ni pikseli moja, nyama ya kidole ni sentimita nzima. Isitoshe kidole hakielei juu ya kitu, kwahiyo yale maelezo yanayotokea ukisogeza mshale hayapo, na kubofya kulia hakupo, kuna kubonyeza muda mrefu tu ambako hakuna mtu anayejua kama kupo mpaka aambiwe.

Ana vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Ncha ya kidole ikiwa na vumbi kioo kinasita, kwahiyo yeye anagusa kwa konzi, ile fundo ya katikati ya kidole cha pili, anagonga kama anabisha hodi. Fundo haina usahihi wa ncha, na mkono mmoja ameshikilia tableti kifuani. Hapo hata 48 haitoshi, nimeweka vitufe vya 72.

Akigusa sehemu ya kuandika idadi, kibodi ya kwenye skrini inapanda inafunika nusu ya kioo na jina la bidhaa linapotea chini yake, anasahau anahesabu nini. Nimeizuia isipande kabisa, badala yake kuna vitufe vya namba nilivyochora mwenyewe kwenye gridi, sifuri mpaka tisa, futa, na weka, vinakaa upande wa kulia muda wote. Na hapa libadwaita niliyoitoa kaunta imerudi na imefanya kazi kama ndoto, AdwNavigationSplitView na AdwBreakpoint, akiishika tableti kwa upana anaona orodha na bidhaa pamoja, akiisimamisha inakuwa ukurasa mmoja mmoja. Ile mistari mipana iliyomkera dada, huku stoo ndo inayohitajika. Msimbo ule ule wa tarehe 11 Februari nimeuokota nikautumia karibu wote.

Jumatatu, 14 Aprili

Masika imekaza, watu hawajengi, duka limepoa, kwahiyo nimepata nafasi ya kufanya kazi chafu.

Ule mpango wa muonekano mmoja unaojikunja nimeuacha. Sasa ni programu mbili, kaunta na stoo, na katikati kiini kimoja. Sheria niliyojiwekea ni moja tu, kwenye kiini hakuna faili hata moja linaloita gi, moduli inayoingiza GTK kwenye Python. Bei, punguzo, madeni, kupunguza stoo, yote yako humo na hayajui kama kuna kitu kinaitwa dirisha. Kiini kinakaa kwenye kompyuta ya kaunta, tableti inaongea nacho kwa waifai kwa HTTP ya kawaida, manake kufungua faili la SQLite kupitia mtandao kutoka mashine mbili ni kutafuta kuharibu data.

Kazi chafu ndo hii hapa, 2016 niliandika mahesabu ndani ya vitufe. Kuna fankisheni moja inaitwa on_btn_uza_clicked ina mistari 340, inasoma maandishi kutoka kwenye boksi, inapiga punguzo, inaandika kwenye SQLite, inabadilisha rangi ya lebo, inachapa risiti, yote humo humo. Kuitenganisha imenichukua siku sita, na nimekuta punguzo la mafundi wanaonunua kwa jumla lilikuwa linahesabiwa sehemu mbili tofauti kwa njia mbili tofauti. Ningefanya hii kazi 2016, kuhama tulukiti kungekuwa kazi ya wiki mbili. Mambo mengi tunayoilaumu tulukiti ni uchafu wetu tulioufungia ndani yake.

Ijumaa, 2 Mei

Tumehamia. Kaunta imeanza jana jioni baada ya duka kufungwa, leo imeuza siku nzima.

Asubuhi ilianza vibaya, dirisha linafunguka ila ukiskroli orodha inachelewa kama sekunde nzima, mashine ni ya zamani na GTK 4 inachora kwa kadi ya michoro, kwenye 4.14 wamebadilisha na kichoraji chenyewe kikawa kipya. Nimeweka GSK_RENDERER=cairo kwenye faili la kuanzishia, ichore kwa prosesa kama zamani, ikawa nyepesi. Na lile dirisha dogo la bei linalomtazama mteja kwenye kioo cha pili nilikuwa nalisogeza kwa gtk_window_move, GTK 4 wameiondoa, nimelifanya lijaze kioo cha pili chote kwa fullscreen_on_monitor, na hapo naona limekuwa bora kuliko mwanzo, mteja anaona bei akiwa mlangoni.

Nimepima kimya kimya bila kumwambia. Mauzo ya vitu vitatu, zamani alikuwa anamaliza kwa sekunde 14, leo mchana 15, jioni 14. Saa tisa hivi kuna mteja kauliza koki ya nusu inchi, imeisha, na dada akajibu bila kutafuta, "Ya robo tatu ipo."

Mzee kapita, kaangalia kaunta, kaniuliza mbona inafanana na ya zamani. Nikampeleka stoo, kijana akamwonyesha anavyogonga kwa konzi, mzee akaichukua tableti akajaribu mwenyewe, akahesabu mifuko ya saruji mpaka mwisho.

Kilichobaki: ripoti ya mwezi bado iko GTK 3, na dada anataka F6 imwonyeshe madeni ya mteja bila kutoka kwenye mauzo. Naanza na F6.